Ndege wa vuli watua Kericho bila majina

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa maana ya neno 'vuli', aghalabu hujibu kwamba hayo ni majira ambapo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika. Jibu hilo amelitoa katika somo la jiografia lililozungumzia Ulaya, wala si katika Kiswahili. Kwa wenyeji wa pwani, ambao ndio waliotupa neno lenyewe, vuli ni mvua ndogo zinyeshazo kati ya Oktoba na Desemba, wakati kusi imekwisha nguvu na kaskazi haijatulia. Halihitajiki hata jani moja kuanguka ili vuli iwe vuli. Huku Kericho na Bomet ndiyo kabisa. Michai ni kijani kutoka Januari hadi Desemba, huchumwa mwaka mzima, na mvua, ambayo hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, haina likizo ya kutegemewa. Anayengoja majani yapukutike ndipo ajue kwamba mwaka umegeuka atangoja mpaka azeeke.

Hata hivyo, vuli ya Ulaya hufika Kericho kila mwaka, nayo huletwa na ndege. Kuanzia mwisho wa Agosti na katika Septemba nzima, mbayuwayu hutokea juu ya mashamba ya chai, kwanza wawili watatu, kisha makumi, kisha nyaya za umeme kando ya barabara hujaa kama uzi ulioshonwa shanga. Hawa ni wale wenye koo jekundu na mkia wenye panda mbili ndefu, waliozaliwa miezi michache tu kabla ya hapo katika mazizi na chini ya mapaa ya nyumba za Ulaya na Asia. Mwishoni mwa Septemba na katika Oktoba, keremkeremu wa Ulaya hupita juu sana, hata mara nyingi husikika kabla hawajaonekana. Katika viwanja vya michezo vya shule na malisho ya ng'ombe huingia kindege mwembamba mwenye kifua cha manjano, atembeaye mbio mbio na kutikisa mkia bila kuchoka. Katika matawi ya miti kuna mwingine mdogo zaidi, mwenye uzito wa takriban gramu 9, ambaye huenda ametoka misitu ya Siberia. Baadaye, kuelekea nyanda za Bomet na Narok, hutua makorongo weupe wenye ncha nyeusi za mabawa na midomo myekundu, wakiwafuata nzige na panzi.

Mwalimu wa sayansi asiye na maabara ana somo zima hapo juu ya paa la darasa lake. Mbayuwayu ana uzito wa kiasi cha gramu 20, nao si mzigo wa kumwelemea mtoto wa chekechea, lakini huvuka bahari, jangwa na milima kwa nguvu ya mafuta aliyojiwekea mwilini kabla ya safari. Haondoki kwao kwa kuogopa baridi yenyewe kama watu wanavyodhani. Huondoka kwa sababu baridi inapoingia wadudu hutoweka, na yeye hana chakula kingine. Njia huijua kwa jua, kwa nyota na kwa nguvu ya sumaku ya dunia. Korongo mweupe, kwa upande wake, ni mzito, hivyo hutegemea hewa ya moto ipandayo kutoka nchi kavu ili imwinue bila kupiga mabawa. Kwa kuwa hewa hiyo haipatikani juu ya bahari, yeye huizunguka Mediterania: wengi wa makorongo wajao upande wetu hupitia Bosphorus na Sinai, kisha wakafuata bonde la Nile. Hebu fikiria ni maswali mangapi ya fizikia, jiografia na hesabu yamo katika safari hiyo moja.

Wazungu wenyewe walichukua muda mrefu kuamini mambo haya. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi. Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uswidi, aliandika mwaka 1555 kwamba mbayuwayu huzama majini, na kwamba wavuvi huwatoa kwa nyavu wakiwa wameshikana makundi makundi. Dhana hiyo iliendelea kuaminiwa na watu waliosoma kwa zaidi ya miaka 200. Kisha mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, akauawa korongo mweupe aliyekuwa amechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika wenye urefu wa kiasi cha sentimita 80. Alikuwa amerudi nao kutoka huku akiwa hai. Korongo huyo amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwindaji wetu, ambaye jina lake halijulikani na wala hakukusudia, alichangia ujuzi wa ulimwengu kuliko wanazuoni wengi wa wakati wake.

Na Kenya imeendelea kuchangia. Katika Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969, ndege wahamao hunaswa kwa nyavu nyembamba katika usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, wakavishwa pete ndogo za madini miguuni na kuachiliwa. Baadhi ya pete hizo zimepatikana baadaye Ulaya, Mashariki ya Kati na Asia ya Kati. Kazi hiyo haihitaji mitambo mikubwa. Inahitaji jicho, subira na daftari, vitu ambavyo shule ya kijijini inaweza kuwa navyo.

Lakini anayetaka kuiona vuli ya ndege katika ukamilifu wake na ateremke ziwani. Kericho imekaa kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, na Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya kupitia Kapsoit, Awasi na Ahero hadi Kisumu haizidi sana kilomita 80. Sisi wa milimani hupenda kulisahau ziwa hili kana kwamba ni la wengine, ilhali ndilo linalotuletea sehemu kubwa ya mvua ya alasiri na hata mvua ya mawe inayoyachanachana majani ya chai, nalo hupokea maji yetu. Mto Nyando huishia katika kinamasi cha Kusa, na Sondu katika eneo la Koguta, yote miwili katika Ghuba ya Winam. Udongo tunaouachilia huku juu, pamoja na mbolea iliyomo, huenda kulilisha gugumaji huko chini.

Katika mashamba ya mpunga ya Ahero na kando ya mafunjo ya Dunga, Oktoba ni kama soko. Vitwitwi wa aina mbalimbali kutoka kaskazini ya mbali hupekua matope kwa midomo yao myembamba. Membe wenye mabawa meupe huzagaa juu ya maji. Mbayuwayu hula usubi wa ziwani unaoinuka kama moshi. Wenyeji nao wapo: yangeyange mgongoni mwa ng'ombe, mnandi akianika mabawa, kizamiadagaa akining'inia hewani kabla ya kujitupa, na kwazi juu ya mti akipiga ukelele wake. Ndani ya mafunjo kuna ndege wasioishi penginepo ila katika mafunjo, na mafunjo yakifyekwa yote, hawana pa kuhamia. Ziwa lenyewe, lenye eneo la karibu kilomita za mraba 69,000, limegawanywa na nchi tatu, lakini ndege hawana paspoti.

Msomaji atakuwa ametambua kwamba mpaka hapa baadhi ya ndege nimewataja kwa majina na wengine nimewaeleza kwa kuzungukazunguka: 'kindege mwembamba mwenye kifua cha manjano', 'mwingine mdogo zaidi'. Hapo ndipo kiini cha makala haya. Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya ndege. Ukiwa mtu wa Lamu au Pemba, una heroe, mwari, kulastara, kipila, membe na wengine wengi. Majina haya yana mantiki yake. Mengine huiga sauti, kama kitwitwi na keremkeremu. Mengine ni sentensi nzima iliyofupishwa, kama kizamiadagaa, ambaye jina lake linatosha kumfundisha mtoto riziki yake. Watafsiri wa Biblia ya Muungano, walipofika Yeremia sura ya 8, mahali panapotaja ndege wajuao majira yao ya kwenda na kurudi, walimpata koikoi, wakampata hua, mbayuwayu na korongo. Hawakulazimika kuomba msaada kwa lugha ya kigeni.

Tatizo ni kwamba hazina hiyo imebaki pwani, tena kwa wazee. Kamusi zetu, ambazo nazitumia na kuziheshimu, zina ugonjwa mmoja sugu: msomaji akitafuta jina la ndege huambiwa mara nyingi kwamba huyo ni 'aina ya ndege', pengine na rangi moja ikiongezwa. Kumwambia mtu kwamba kipila ni aina ya ndege ni sawa na kumwambia kwamba Sondu ni aina ya maji. Mwalimu aliyelelewa Litein au Sotik hawezi kumtambua ndege kwa maelezo hayo, na kwa kuwa hawezi kumtambua, hamfundishi. Vitabu vizuri vya kutambulia ndege wa Afrika Mashariki vipo, vyenye picha za kupendeza, lakini lugha yake ni Kiingereza. Basi mwanafunzi hujua nomino moja tu, 'ndege', na kazi pekee aipewayo kuhusu nomino hiyo ni kutofautisha upatanisho: ndege ametua akiwa kiumbe, ndege imetua ikiwa chombo.

Lipo pia tatizo la jina moja kubebeshwa mizigo mingi. Korongo ni mfano ulio wazi. Kwa neno hilo tunamwita yule mweupe atokaye Ulaya, tunamwita wa kijivu asimamaye peke yake majini, na tunamwita yule mwenye taji la dhahabu kichwani. Wanabiolojia huwaweka hawa katika familia tatu tofauti. Mmoja ni mgeni wa msimu, mwingine mvuvi, na wa tatu ni mwenyeji ambaye idadi yake inapungua. Mtu akiripoti kwamba 'makorongo yamepungua', utajuaje ni yapi?

Hapa ndipo lugha za bara zinapopaswa kuitwa mezani. Wakipsigis na Wakalenjin wenzao humwita yule mwenye taji kong'ony. Miongoni mwa Wanandi, ukoo wa Moi humchukua kong'ony kuwa alama ya ukoo, jambo lililoandikwa na A. C. Hollis katika kitabu chake cha mwaka 1909. Waluo wana opija kwa mbayuwayu na okok kwa yangeyange. Kila moja ya lugha hizi imewaangalia ndege hawa kwa karne nyingi, kutoka mahali ambapo Mswahili wa Lamu hakufika. Kwa nini basi tusiseme kong'ony katika Kiswahili, badala ya kumbandika korongo vivumishi vitatu?

Najua wapo watakaopinga kwamba huko ni kuichafua lugha. Jibu langu ni neno moja ambalo kila mwalimu wa Kiswahili hulitamka kila siku: ngeli. Neno hilo ni la Kihaya, lugha ya ng'ambo ya ziwa hili hili, upande wa Bukoba. Bunge nalo ni la Kiha. Kama sarufi na dola zimeweza kuazima kutoka bara bila kupoteza hadhi, elimu ya ndege itaona haya gani? Ninachokiogopa zaidi ni majina yanayoundwa ofisini na watu wasiowahi kumwona ndege mwenyewe, yaani tafsiri za neno kwa neno kutoka Kiingereza, ndefu kama treni, ambazo hakuna mchungaji wala mvuvi atakayezitamka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutolewa na wakulima. Wao huuliza: majina ya ndege yatatujaza tumbo? Mkulima wa mpunga wa Kano ana haki ya kuuliza hivyo. Januari 2023 makundi makubwa ya kwelea yalivamia mashamba ya mpunga katika kaunti ya Kisumu, na serikali ikanyunyiza dawa ya fenthioni. Mtu aliyekesha akipiga debe ili aokoe gunia moja hawezi kuhubiriwa uzuri wa viumbe wenye mabawa. Lakini hata kwake jina lina faida. Fenthioni haibagui, nayo humwua alaye kwelea sawasawa na kwelea. Mkulima anayemjua kipanga kwa jina na kwa kazi anajua kwamba sumu hiyo humwondolea pia mlinzi asiyelipwa mshahara.

Huko Bunyala, kaunti ya Busia, mambo yalikwenda mbali zaidi. Katika mwaka 2009 na miaka iliyofuata ilibainika kwamba watu walikuwa wakipaka konokono kiuadudu cha kabofurani, wakawatega kwa chambo hicho makorongo walao konokono, na kuwauza kama kitoweo. Vitwitwi wasafiri nao waliuawa kwa sumu, wakaliwa. Hebu pima jambo hilo. Ndege anavuka Sahara salama, anafika ukingoni mwa ziwa letu akiwa mifupa na manyoya, na mlo wake wa kwanza ni kabofurani. Kisha mtoto wa mtu anamla. Sokoni nyama hiyo haikuwa na jina lolote ila 'ndege', na neno pana kiasi hicho huficha mengi.

Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Mbayuwayu na koikoi wetu wa vuli nao hivyo hivyo: hula kwetu, hunenepa kwetu, lakini kiota wanakijenga kaskazini. Kong'ony si mgeni. Hutaga mayai yake mawili au matatu hapa hapa, katika vinamasi vidogo vilivyo kati ya kilima na kilima, na hana kwingine. Mwaka 2012 aliwekwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu zinajulikana na kila mtu wa Kericho na Bomet aliyewahi kumiliki kipande cha bonde. Kinamasi huchimbwa mitaro kikakauka, ukingoni hupandwa mikaratusi inywayo maji mchana na usiku, kisha sukumawiki au michai hushuka mpaka kwenye mto. Mwenye shamba hafanyi hayo kwa ubaya, maana ardhi imekuwa ndogo na karo ni kubwa. Lakini aghalabu hajui kwamba mahali alipopaita 'matope tu' palikuwa chumba cha uzazi cha kiumbe ambaye koo za watu wake ziliapa kutomdhuru. Mtoto wake hatamjua kiumbe huyo kwa sura wala kwa jina, na akitoweka hatauliza alikokwenda.

Mtaala wa umilisi unadai kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kwa mazingira yake. Vyema. Muhula wa tatu huanza wakati ule ule mbayuwayu wanapowasili, na hakuna ada wala kifaa kinachonunuliwa. Napendekeza kila shule ya Kericho na Bomet iwe na daftari moja kubwa la ndege. Waandikwe humo tarehe ya kuonekana, mahali, idadi, alichokuwa akifanya, na majina yake: la Kiswahili kama lipo, la Kipsigis, na la lugha nyingine yoyote izungumzwayo shuleni, maana katika makambi ya mashamba ya chai wamo Waluo, Waluhya, Wakisii na wengineo. Wanafunzi wawaulize babu na bibi, waandike jina jinsi linavyotamkwa, na mtu asisahihishwe kwa sababu tu jina la nyumbani kwao ni tofauti na la jirani. Tofauti hizo ndizo sisi wanaisimu tunazozitaka. Darubini ikipatikana ni heri, isipopatikana macho ya mtoto wa miaka 12 yanatosha kumtofautisha kong'ony na koikoi katika umbali wa uwanja wa mpira. Wanaoweza kulipa nauli wateremke Dunga Jumamosi moja ya Oktoba, wakae na wavuvi, waandike.

Baada ya miaka 3 au 4 daftari hilo litakuwa limejua mambo ambayo hakuna kamusi iyajuayo: kwamba mbayuwayu wa kwanza alionekana Kapsoit tarehe fulani, kwamba kong'ony waliokuwa 6 kwenye kinamasi cha chini ya shule sasa ni 2, kwamba neno fulani linajulikana Bureti lakini halijulikani Kipkelion. Watunga kamusi nao watakuwa na pa kuanzia, na udhuru wa 'aina ya ndege' utakuwa umekwisha. Mbayuwayu wa mwisho huondoka Machi na Aprili, hivyo ukurasa wa mwaka ufungwe kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya Aprili.

Na yule kindege wa kifua cha manjano, atikisaye mkia nyuma ya ng'ombe, bado nimemwacha bila jina. Katika Kiswahili nilichokisoma na kukisikia sijakutana na neno linalotumiwa na wengi kwa ajili yake, ingawa yuko katika kila malisho kuanzia Londiani hadi Sigor. Wachungaji wanaotembea naye mchana kutwa hawawezi kuwa wameishi bila kumwita kitu. Mwalimu au mwanafunzi atakayelipata jina lake kwa bibi yake, kwa lugha yoyote, na aliandike kwa barua, ataje na kijiji alikolisikia.